Nyanya, mama au shangazi: riwaya ipi umpe kijana wako likizo hii?

Likizo ya Novemba ikikaribia, wazazi wa Nairobi huanza kuulizana kijana asome kitabu gani chenye maadili. Ukiwadadisi kidogo utaona wengi wana haja moja: wanataka hadithi ambamo mtoto atamwona mwanamke mwenye msimamo, na aone jinsi nyumba inavyomjenga au kumvunja mtu, bila kuhubiriwa. Mahubiri ameshayasikia ya kutosha shuleni, kanisani, madrasa na hata kwenye matatu ya asubuhi.

Riwaya nne huwa nazipendekeza mara kwa mara, na ndizo ninazoona watu wakikwama kati yao. Ya kwanza ni *The River and the Source* ya Margaret Ogola, iliyotoka 1994. Ya pili ni *Siku Njema* ya Ken Walibora, 1996. Ya tatu ni *Purple Hibiscus* ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2003, na ya nne ni *Blossoms of the Savannah* ya Henry ole Kulet, 2008. Zote ni nzuri. Tofauti iko kwa mwanamke anayetazamwa na mtoto: katika moja ni nyanya, katika nyingine mama, kisha shangazi, na ya mwisho ni mwanamke wa mbali ambaye wasichana wamemsikia tu akisemwa vibaya. Kwa hiyo kitabu kilichomfaa mtoto wa jirani huenda wako akakitupa kando ukurasa wa kumi.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi nimeiacha makusudi. Ni riwaya kali kuhusu baba anayetawala kwa kipigo na mama asiye na sauti, na ilipotoka 1971 shule za Tanzania zilikatazwa kuitumia kwa muda. Mimi ningempa mzazi aisome kwanza, halafu kijana akishamaliza shule ya upili.

Vigezo

Nimezipima zote kwa mambo yaleyale: nani hasa anamlea mtoto ndani ya hadithi, maadili yanamfikia kwa njia gani, baba yuko wapi, kuna mambo gani mazito ambayo mzazi anapaswa kuyajua mapema, na lugha yake ikoje, pamoja na urahisi wa kukipata hapa mjini. Kigezo cha pili ndicho nilichokipa uzito mkubwa. Karibu kila kitabu cha watoto kitakuambia kina maadili. Vichache hukuonyesha yanapoingilia.

Nani anamlea mtoto

Ogola ametuandikia mnyororo. Akoko, binti wa mtemi wa Yimbo, anamzaa Nyabera. Nyabera anamzaa Awiti, ambaye akibatizwa anaitwa Elizabeth. Elizabeth anazaa watoto kadhaa, wakiwemo mapacha Vera na Becky. Msomaji anaingia kwenye nyumba hiyo kabla ukoloni haujashika mizizi na kutoka wakati ambapo wajukuu wanaishi Nairobi na kusoma chuo kikuu. Awiti analelewa na wanawake wawili wajane, mama na nyanya, chini ya paa moja.

Katika *Siku Njema* msimulizi ni mvulana, Kongowea Mswahili, na mlezi wake ni mama peke yake: Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu mwenye jina kubwa Tanga. Kifo chake kinakuja mapema, na kuanzia hapo mtoto anajua ladha ya kukaa katika nyumba za watu.

*Purple Hibiscus* ina familia kamili machoni pa watu: baba tajiri, mama mpole, Kambili mwenye miaka 15 na kaka yake Jaja. Wanaishi Enugu, Nigeria. Lakini aliyembadilisha Kambili ni Ifeoma, dada wa baba, mjane anayefundisha Chuo Kikuu cha Nigeria kilichoko Nsukka na kulea watoto watatu kwa mshahara unaochelewa. Ni shangazi kwa maana yenyewe hasa, si "auntie" wa kila mwanamke mtaani.

Kwa ole Kulet, Taiyo na Resian wana baba na mama. Wanahama Nakuru kwenda Nasila, nyumbani kwa ukoo wao wa Kimaasai, baada ya baba yao kupoteza kazi. Mama Milanoi anawapenda, hilo halina shaka. Ila wasichana wanamtazama mwingine: Minik, msimamizi wa ranchi ya kondoo, ambaye wenyeji wamembandika jina Emakererei kwa sababu alisoma Makerere. Huko Nasila jina hilo hutamkwa kama tusi. Kwa Resian linakuwa ndoto.

Kati ya hivi vinne hakuna hata kimoja ambacho dada wa kazi ndiye kielelezo cha mtoto, ilhali nusu ya watoto wa mtaa wangu humwona dada huyo kwa saa nyingi kuliko wanavyomwona mama yao. Riwaya hiyo bado naisubiri.

Maadili yanaingiaje

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana kabisa.

Akoko hufundisha kwa kutenda jambo lenye gharama, mbele ya watu. Mumewe, mtemi Owuor Kembo, akishafariki, na mwana wao pia akafariki na kuacha mtoto mchanga, shemeji yake Otieno anakalia kiti ambacho ni haki ya mjukuu. Akoko hakai kulia. Anafunga safari hadi Kisumu, kwa serikali ya wazungu ambayo hata lugha yake haijui, na kushtaki. Anashinda kesi. Kisha anarudi kwao Yimbo, maana kushinda kesi hakukumfanya aone usalama kuishi karibu na mtu huyo. Kijana akiisoma sehemu ile anajifunza kitu kuhusu haki bila kuambiwa neno "haki". Binti yake Nyabera naye, akiwa amezika watoto na mume, anaondoka kwenda misheni kutafuta maisha mengine, na Akoko, mwanamke wa jadi kweli kweli, anamfuata. Mzee kumfuata kijana katika jambo jipya: katika hadithi zetu za maadili hili hutokea nadra sana, kwa kuwa huwa tumezoea mzee akiwa sahihi siku zote.

Ogola pia hadanganyi kuhusu matokeo. Vera na Becky ni mapacha, mama mmoja, meza moja. Vera anakuwa mhandisi na kushika njia ya dini. Becky anafuata anachokitamani na kufa kwa UKIMWI. Kitabu hakisemi Elizabeth alikosea wapi, na naona ni vizuri kisiseme. Mzazi anayetafuta hadithi inayothibitisha kwamba malezi mema huzaa mtoto mwema kila mara, hapa hataipata.

Ifeoma ni wa namna nyingine. Hana kiti cha utemi cha kupigania. Kazi yake iko jikoni na sebuleni. Kambili anapofika Nsukka hajui kucheka kwa sauti wala kumenya kiazi kikuu bila kupoteza nusu yake, na binamu yake Amaka anamdhihaki kwa ujanja wa mtoto wa maskini anayemwona mtoto wa tajiri hana mikono. Siku moja wanashughulikia mboga, Amaka anamrushia kejeli, Kambili ananyamaza kama kawaida. Shangazi hamwambii Amaka aache. Anamgeukia Kambili na kumuuliza kama hana mdomo, amjibu. Kambili anajibu, kwa sauti ndogo, na Amaka naye anaanza kumheshimu. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha vizuri hivi jinsi mtoto anavyopewa sauti.

Asubuhi nyingine Ifeoma anamwamsha Kambili mapema amtazame babu yake akisali sala za jadi verandani. Baba yake Kambili amemfundisha kwamba babu huyo ni mpagani wa kuogopwa. Shangazi haendeshi mjadala. Anamwacha atazame, na mtoto anamsikia mzee akiwaombea watoto wake wote heri, hata yule mwanawe anayemkana.

Mama Milanoi wa *Blossoms* anafundisha pia, na somo lake linauma. Anajua kwamba kuwakeketa binti zake ni kuwaumiza. Anajua wamekua Nakuru na hawaitaki tohara ile. Lakini anaogopa mumewe, anaogopa ukoo, anaogopa kuitwa mama aliyeshindwa kulea. Mwishowe anashiriki hila inayomtia Taiyo mikononi mwa wakeketaji. Resian anaokolewa na Nabaru, mama wa hukohuko kijijini asiye na digrii ya Makerere wala ranchi, na kupelekwa kwa Minik. Wasomaji wengi humkumbuka Minik na kumsahau Nabaru. Ukisoma na kijana, kaeni na Nabaru kidogo kwenye mazungumzo, kwa sababu huyo ndiye mwenye kufanana zaidi na wanawake anaowajua: hana cheo, ana hatari ya kupoteza kila kitu, na anafanya jambo sahihi hata hivyo.

Katika *Siku Njema* maadili yanakuja kwa urithi wa kipaji na kwa pengo. Zainabu anamwachia mwanawe mapenzi ya lugha, naye Kongowea anayabeba hayo shuleni na barabarani. Hakuna hotuba ndefu ya mama. Kuna mtoto anayejua kwamba mama yake alikuwa mtu, kwamba wengine walimsema na wengine walimshangilia, na kwamba yeye hatamwaibisha. Ukilinganisha na vile vingine, hapa mwanamke anaonekana kwa muda mfupi zaidi, na mvuto wake unaendelea bila yeye kuwepo.

Baba yuko wapi

Wazazi husahau kuuliza hili wanapotafuta kitabu cha "wanawake imara", kisha wanashangaa kijana wa kiume akikikataa.

Ogola ndiye mwenye akina baba wema wengi. Owuor Kembo anakataa kuoa mke wa pili licha ya mama yake kumshinikiza, na kwa mtemi wa zama zile hilo halikuwa jambo dogo. Kizazi cha mwisho kuna Aoro, daktari, aliyemwoa Wandia, daktari mwenzake kutoka jamii ya Wakikuyu, nao ndio wanaowalea watoto wa marehemu Becky. Mvulana ana mtu wa kumtazama.

Kinyume chake, Eugene wa *Purple Hibiscus* ni mmiliki wa gazeti linalothubutu kuikosoa serikali ya kijeshi, hulipia karo watoto wa wengine, na kanisani husifiwa. Nyumbani anampiga mkewe na kuwachoma wanawe miguu kwa maji moto kwa kosa la kulala nyumba moja na babu yao. Wako watoto Nairobi wanaoijua nyumba ya aina hiyo bila kuisoma popote. Ole Kaelo wa *Blossoms* si katili kwa asili. Ana deni kwa mtu mbaya, Oloisudori, na mtu huyo anataka Resian awe malipo. Ni baba anayemuuza mtoto hatua kwa hatua, kila hatua akijipa sababu. Kongowea hana baba, na nusu ya kitabu ni safari ya kumtafuta, kutoka Tanga kuja Kenya.

Mambo mazito

*Siku Njema* ina ukali wa walezi na kufiwa, lakini mtoto wa miaka 12 au 13 ataimudu. *The River and the Source* ina vifo vingi, UKIMWI ukiwemo, vikisimuliwa kwa upole; Ogola alikuwa daktari wa watoto, na inaonekana. Gredi ya 8 kwenda juu ni sawa.

*Blossoms* ina ukeketaji na jaribio la ubakaji. Sheria ya Kenya ya 2011 ilipiga marufuku ukeketaji kwa wote, miaka mitatu baada ya riwaya kutoka, lakini zoezi lenyewe bado linafanyika kwa siri. Ningesubiri miaka 15, na nisingempa msichana akaisome peke yake chumbani. *Purple Hibiscus* ina kipigo kinachompeleka mtoto hospitalini, mimba zinazoharibika kwa sababu ya kipigo, na mauaji ndani ya familia ambayo kitabu hakiyahukumu kwa urahisi. Miaka 16, na mzazi awe ameshakisoma.

Lugha na kupatikana

Kiswahili cha Walibora kimejaa misemo. Mtoto wa Nairobi aliyezoea Sheng atasuasua kurasa za kwanza. Msomee kwa sauti sura mbili tatu, atashika mwendo. Ogola anaandika Kiingereza chepesi chenye methali za Kijaluo. Ole Kulet ni mrefu na ana maneno ya Kimaa, lakini hadithi inakimbia. Adichie ndiye rahisi kusoma na mgumu kuelewa: mambo makubwa yako kwenye asichosema msimulizi.

Kwa kuwa *The River and the Source* na *Blossoms* vimewahi kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, nakala zilizotumika hazikosekani kwa wauzaji wa vitabu wa barabarani katikati ya jiji. Angalia usiuziwe mwongozo badala ya riwaya. Majalada hufanana na muuzaji hana haraka ya kukusahihisha. Mpya utazipata Text Book Centre na maduka mengine makubwa. Kabla ya kununua, uliza maktaba: McMillan pale Banda Street, Kaloleni, Makadara, au ile ya Buruburu. *Purple Hibiscus* ndiyo nimeiona kwa nadra kwenye mitumba, na ikipatikana huwa imeisha kurasa za mwisho.

Kwa hali yako

Kama mtoto analelewa na nyanya, au nyanya yuko ushago na mtoto anamwona mshamba, mpe *The River and the Source*. Akimaliza sehemu ya Akoko, mpigieni nyanya simu amuulize maswali. Wengi wana safari yao ya Kisumu ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Kitabu hiki kinazifaa pia nyumba za makabila mawili, kwa ajili ya Aoro na Wandia, na nyumba zenye mvulana asiyetaka "vitabu vya wasichana".

Kama wewe ni mama unayelea peke yako na mwanao ameanza kuuliza kuhusu baba yake, *Siku Njema* itagusa pale pale. Isome wewe kwanza. Huenda swali likaja kabla hujawa tayari, na kitabu hakitakujibia. Kinafaa vilevile kwa mtoto anayependa kuandika na anayeambiwa Kiswahili hakina kazi.

Binti mtiifu kupita kiasi, yule anayesifiwa na kila mwalimu na asiyejibu hata akionewa, anaihitaji *Purple Hibiscus* kuliko mtundu. Lakini kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepiga, kumpa kitabu na kunyamaza hakutoshi. Atajua umejua. Hakikisha kuna mtu mzima, shangazi au mwingine, ambaye mtoto anaweza kwenda kwake siku hiyohiyo, na umpe namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo kuipiga ni bure.

Kama familia ina desturi inayopingwa na watoto, iwe ni tohara ya wasichana, ndoa ya mapema au karo kupewa wavulana kwanza, *Blossoms of the Savannah* ndiyo ya kusomwa na mama na binti kwa pamoja, sura kwa sura. Swali la kumuuliza ni Mama Milanoi angefanya nini na nani angesimama naye. Mkifika pale, mjadala utahama kitabuni na kuja kwenye ukoo wenu, na hapo ni vizuri baba awepo mezani.

Na kama mlezi ni baba peke yake, au mjomba, anza na Ogola. Ukiona kijana amenogewa, fuata na Walibora. Adichie na ole Kulet wataje tu kwamba wapo kwenye rafu; kijana wa miaka 16 akiambiwa kitabu fulani kinasubiri kidogo, huwa anakichukua mwenyewe usiku uleule.